Waacheni Wapige Kelele

Kila mwaka Strictly Come Dancing, shindano la BBC ambamo watu mashuhuri hucheza dansi na wachezaji wa kulipwa, inaporudi hewani nchini Uingereza, lawama moja hurudi nayo. Watu waliojinyoosha sebuleni Jumamosi usiku hulalamika kwamba watazamaji wa studio wamepita kiasi: mguu ukinyanyuka, mayowe, mwanamke akibebwa begani, mayowe, makofi yanapigwa nje ya mdundo, na jaji anazomewa kabla hajamaliza sentensi. Ng'ambo ya Atlantiki, Wamarekani wanaotazama toleo lao, Dancing with the Stars, wana kilio hicho hicho. Dawa inayopendekezwa nayo ni moja, na hutolewa kwa sauti ya mtu anayesema jambo lisilo na mjadala: umati ule unyamazishwe, au walau ufundishwe adabu za kutazama dansi.

Maoni hayo yana wafuasi wengi, na wengine wao wanaijua dansi vizuri. Kelele za hovyo zipo studio, hilo halina ubishi. Lakini adabu inayodaiwa haijawahi kuwa ya dansi ya mashindano, na wacheza dansi wa daraja la juu kabisa hawatazamani wenyewe kwa wenyewe namna hiyo.

Ushahidi uko Blackpool. Mji huo wa pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza umekuwa na tamasha la dansi ya ukumbini tangu 1920, ndani ya Empress Ballroom katika jengo la Winter Gardens, na kwa wachezaji wa fani hiyo hakuna jina zito kuliko hilo. Mwanamume huvaa namba mgongoni. Jozi kadhaa huingia sakafuni kwa pamoja, huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa, na jaji aliyesimama pembeni ana sekunde chache tu za kuitupia jicho kila jozi. Hapo ndipo ukumbi unapolipuka. Walimu, wanafunzi wao, wachezaji waliokwishatolewa raundi za mwanzo, wazazi waliolipa ada za mafunzo miaka nenda rudi, wote wananguruma namba za watu wao, na huzidisha pale jozi yao inapokatiza mbele ya jaji. Hawa si watalii waliobahatika kupata tiketi ya bure. Ni watu wanaoona kwa jicho la kawaida kama hatua ilianza kwa kisigino au kwa vidole, na ndio wanaopiga kelele kuliko wote. Anayeketi kimya Blackpool pengine hana mtu wake sakafuni.

Strictly nayo ilizaliwa katika ukoo huo. Ilianza 2004, lakini mzazi wake ni Come Dancing, kipindi cha BBC kilichodumu karibu nusu karne hadi 1998, ambamo timu za mikoa zilichuana huku zikishangiliwa na watu wao. Mmoja wa washereheshaji wake wa kwanza, Bruce Forsyth, alikulia katika majukwaa ya vichekesho na nyimbo ambako msanii hurusha neno na ukumbi ukalirudisha, kama msimulizi anayengoja kuitikiwa "hadithi njoo" ndipo aendelee. Forsyth alikuwa na salamu yake ya miaka mingi ambayo watazamaji walitakiwa kuimalizia, nao waliimalizia kila wiki bila kuombwa mara mbili. Kipindi kilianza kwa kuwapa watu sehemu yao ya kusema. Sasa wanaambiwa wamealikwa kutazama tu.

Msomaji wa Mwanza hatahitaji kushawishiwa sana katika hili. Usukumani, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vimekuwa vikishindana tangu karne ya 19, na pambano lao linalojulikana zaidi hufanyika mwezi Juni katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Kisesa, yalipo makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Vyama vyote viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Umati ndio kipimo: watu wanahama, wanakimbilia waliposikia shangwe, wanarudi tena, na chama kilichovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi. Ndiyo maana wachezaji huja na nyoka, sanamu, vichekesho na dawa za mvuto, mradi watu wa upande wa pili wageuze shingo. Ukiwaamuru watazamaji wa Bulabo wanyamaze na wasimame mahali pamoja, ngoma haitakuwa imeongezewa heshima yoyote. Mashindano yenyewe yatakuwa yamekufa.

Basi huo ukimya unaoitwa adabu ulitoka wapi? Ulitoka katika majumba ya opera ya Ulaya, na hata huko si wa zamani sana. Katika karne ya 18 mabwana na mabibi wa Paris walikwenda opera kuonana. Walipiga soga, walitembeleana kutoka kizimba hadi kizimba, waliingia na kutoka walivyojisikia. Kunyamaza kulijengeka taratibu katika karne iliyofuata, na mwaka 1876 Richard Wagner alipofungua jumba lake la Bayreuth, Ujerumani, alizima taa za upande wa watazamaji. Giza likawafunga watu midomo. Utaratibu huo unaifaa opera ya saa tano ambayo mtunzi wake anataka isikilizwe kama kitu kimoja kisichokatwa. Cha-cha-cha ya dakika moja na nusu, inayochezwa chini ya taa za rangi na mtangazaji wa habari aliyevaa shati la kung'aa, si kitu cha aina hiyo, na kuidai unyamavu wa Bayreuth ni kujitafutia hadhi isiyo na kazi.

Wapinzani wa kelele wana hoja nzito zaidi ya hiyo, na ni haki itajwe. Wanasema mchezaji hausikii muziki. Hata mfano wa kihistoria wanao, tena mzuri: Paris, tarehe 29 Mei 1913, usiku wa kwanza wa baleti Le Sacre du printemps katika Théâtre des Champs-Élysées. Watazamaji walizomea, wakacheka, wakagombana, na wachezaji wa kundi la Ballets Russes hawakuisikia tena okestra. Vaslav Nijinsky, aliyekuwa ametunga mienendo ya dansi hiyo, alipanda juu ya kiti nyuma ya pazia akawa anawapigia kelele za hesabu. Stravinsky, mtunzi wa muziki, alisimulia baadaye kwamba hata hilo lilikuwa gumu, kwa kuwa namba za Kirusi zikishapita kumi ni ndefu na mwendo wa muziki ulikuwa wa kasi. (Anayehesabu kwa Kiswahili baada ya kumi anaijua adha hiyo.)

Tukio hilo ni la kweli, ila halithibitishi wanachotaka. Ukumbi wa 1913 ulikuwa unapigana na kazi yenyewe. Hakuna studio ya televisheni iliyowahi kumfanyia hivyo mchezaji. Zaidi ya hapo, muziki wa Stravinsky ulibadilisha hesabu mara kwa mara, ilhali waltz ni tatu, tatu, tatu hadi mwisho, na wachezaji wa Strictly wameirudia dansi yao wiki nzima mpaka miguu inaijua kabla ya kichwa.

Halafu kuna Rose Ayling-Ellis. Mwigizaji huyo, ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa, aliingia Strictly mwaka 2021 na mwenzake Giovanni Pernice, na akatwaa ubingwa. Katika fani inayodhaniwa kuwa ya masikio, aliwashinda wote wenye masikio, kwa hesabu, kwa mtetemo na kwa kumsoma mwenzake mwilini. Mwezi Novemba mwaka huo, katikati ya dansi yao moja, muziki ulizimwa kwa sekunde kadhaa nao wakaendelea kucheza, kwa heshima ya jamii ya viziwi. Kipande hicho kilishinda tuzo ya BAFTA ya 2022 iliyopigiwa kura na umma. Mashabiki wa ukimya hukitumia kama ushahidi wao. Wanakisoma kinyumenyume. Sekunde zile zilimshtua mtazamaji kwa sababu alikuwa amezoea nderemo wiki nane mfululizo. Katika kipindi cha kimya, ukimya usingeonekana.

Hoja ya pili ni ya majaji, nayo ina utafiti nyuma yake. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake walichapisha jaribio ambalo waamuzi wa soka 40 walionyeshwa mkanda wa mechi, wengine wakiwa na sauti ya mashabiki na wengine bila sauti. Waliosikia mashabiki waliwaadhibu wenyeji kwa makosa machache zaidi. Kama mwamuzi mwenye filimbi anayumbishwa, jaji mwenye kibao cha alama atapona vipi?

Atapona kwa sababu kelele ya uwanja wa soka ina upande. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, na hicho hasa ndicho alichokipima Nevill: nguvu ya kwao. Studio ya Elstree, inakochezwa Strictly, si kwao mtu. Wale wale waliomshangilia wa kwanza humshangilia wa pili, wa tatu na wa mwisho, na shangwe inayogawiwa sawa haimpi mtu nafuu. Ndugu wachache waliokaa mstari wa mbele hawabadilishi mizani hiyo.

Rekodi ya majaji inasema hivyo pia. Craig Revel Horwood amekaa kwenye meza ya Strictly tangu msimu wa kwanza, na amezomewa muda wote huo. Alama zake bado ni za ubahili. Ameigeuza hata zomeazomea ile kuwa ajira ya msimu: mara nyingi wakati wa Krismasi hucheza nafasi za waovu katika tamthilia za kuchekesha ambako watoto hulipa kiingilio ili wamzomee. Mwaka 2008 mwandishi wa habari za siasa John Sergeant alikuwa kipenzi cha watu na mchezaji mbovu kupita wenzake. Shangwe za studio hazikumpandishia alama. Majaji walimweka mkiani wiki baada ya wiki, na kura za nyumbani ndizo zilizombeba hadi alipojitoa mwenyewe Novemba 19, akisema kulikuwa na hatari ya kweli kwamba angeshinda. Mwenye hofu ya umati kupotosha matokeo na amtafute huyo mwenye simu mkononi sebuleni. Anayelalamikia kelele ndiye huyo huyo.

Mwaka 2020 waliodai ukimya walipewa nafasi ya kuuonja. Uviko-19 uliipunguza Strictly ikawa na msimu mfupi na watu wachache waliokaa mbalimbali, na Dancing with the Stars ikachezwa bila watazamaji kabisa. Waandaaji wa kipindi hicho cha Marekani hawakuthubutu kuuacha ukumbi mtupu usikike ulivyo. Waliweka makofi yaliyorekodiwa. Watu wanaoishi kwa kutengeneza televisheni walisikiliza jozi inayocheza mbele ya viti vitupu, viatu vikigonga sakafu, wakaona jambo hilo halivumiliki hata kwa msimu mmoja.

Hapo tumefika penye kidonda chenyewe. Makofi yale yaliyorekodiwa hayakuwa uzushi wa janga. Nyumbani mtu hasikii studio. Anasikia meza ya fundi sauti. Vipaza sauti huning'inizwa juu ya viti, na mtu mmoja chumbani huamua kila sekunde bendi iwe juu kiasi gani na umati kiasi gani. Kabla ya matangazo kuna mchekeshaji wa kuchangamsha ukumbi, anayewafanyisha watu mazoezi ya kupiga makofi. Wakati wa matangazo kuna msimamizi wa sakafu anayeinua mikono pale shangwe inapotakiwa. Lile yowe linaloufunika mwanzo wa wimbo lina mwajiri.

Kazi hiyo ni ya zamani kuliko umeme. Miaka ya 1830, Opera ya Paris chini ya mkurugenzi Louis Véron ilikuwa na mkuu wa washangiliaji wa kulipwa aliyejulikana kwa jina la Auguste. Bwana huyu alihudhuria mazoezi, alikaa na mkurugenzi kupanga wapi makofi yawe mazito na wapi yawe mepesi, na usiku wa onyesho alivaa nguo za rangi kali ili vijana wake wamwone popote walipo. Wachezaji wa baleti walimpelekea chochote. Televisheni ya Marekani ikaja kumfanya Auguste kuwa mashine: miaka ya 1950 mhandisi wa CBS, Charley Douglass, alitengeneza sanduku lenye vitufe lililotoa vicheko na makofi ya kila saizi. Mwaka 1959, baada ya kashfa ya michezo ya maswali iliyopangwa matokeo, rais wa CBS Frank Stanton alitangaza kwamba vicheko na makofi ya bandia ama yatajwe wazi kwa mtazamaji ama yaondolewe. Agizo hilo halikudumu, lakini lilimlenga mtu sahihi. Stanton hakuwaambia watu waliokaa vitini wafunge midomo.

Meza hiyo ya sauti inaweza hata kugeuza maana ya kelele ya kweli. Septemba 2010, wiki ya pili ya msimu, watazamaji wa Dancing with the Stars waliokuwa nyumbani walisikia zomeazomea ikitangulia mahojiano ya mwanasiasa Sarah Palin, aliyekuja kumtazama binti yake Bristol akishindana. Nchi nzima ikabishana: Palin kazomewa! Maelezo ya kipindi yalikuwa mengine. Waliokuwa ukumbini walikuwa wanazomea alama iliyopewa jozi ya Jennifer Grey na Derek Hough, ambazo waliziona ndogo. Kamera ilikuwa imeshahama, sauti ikabaki. Na ukumbi ule, ulioitwa mkorofi, ulikuwa unakosoa hukumu kwa sababu ya maana: Jennifer Grey ndiye aliyeibuka bingwa wa msimu huo.

Kuzomea huko kunastahili nafasi zaidi katika televisheni. Ubovu wa umati wa studio si wingi wa sauti yake. Ni kwamba kwa mchezaji unaruhusiwa neno moja tu, ndiyo. Linganisha na ukumbi wa Apollo mtaa wa Harlem, New York, ambako usiku wa wasanii chipukizi ulianza 1934. Umati wa Apollo uliweza kumpandisha mtu na kumshusha, na kwa miaka mingi mcheza tap Sandman Sims alikuwa na kazi ya kuwafukuza jukwaani waliokataliwa. Novemba 21, 1934 msichana wa miaka 17 alifika pale kucheza dansi. Akawaona Edwards Sisters wakicheza kabla yake, akausikia ukumbi ulivyowapokea, akajua hana ubavu wa kuwafuata kwa miguu. Akaamua kuimba, akashinda. Jina lake Ella Fitzgerald. Kelele ya kweli ya watu ilimwambia msichana yule jambo ambalo ukumbi wenye adabu usingemwambia.

Hata michezo ya Olimpiki imelielewa hili. Dansi ya breki ilipoingizwa Paris mwaka 2024, waandaaji hawakuivalisha suti: iliwekwa kwenye uwanja wa Place de la Concorde, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti na DJ anayechagua ngoma, na umati uliotakiwa kuitikia. Majaji tisa walifanya kazi yao katikati ya makelele hayo bila kuyumba. Muulize Raygun wa Australia, aliyemaliza mapambano matatu bila kura hata moja.

Kwa hiyo wanaoona kelele zimezidi wana haki ya kulalamika, ila wapeleke shauri kwa mhusika. Wadai mchekeshaji wa kuchangamsha apewe likizo mwezi mmoja, msimamizi wa sakafu ashushe mikono, makofi yaliyoongezwa baadaye yatajwe, na watu waachwe washangilie wanachokipenda, wazomee wasichokipenda, wanyamaze pale dansi itakapowanyamazisha yenyewe. Na kwa yule ambaye hata hapo ataona ni nyingi, suluhisho limeshajaribiwa. Mwaka 2013 idara ya utafiti ya BBC ilirusha mechi ya Wembley ya kuwania kupanda Ligi Kuu kwa namna iliyomwezesha msikilizaji wa intaneti kuongeza au kupunguza mwenyewe sauti ya mashabiki dhidi ya ile ya watangazaji. Mwaka 2020, viwanja vilipokuwa vitupu, Sky Sports iliwapa watazamaji wa Ligi Kuu uchaguzi wa kutazama na kelele za kuongezwa au bila kelele. Fundi aliyeweza kuitenganisha Wembley na mtangazaji wake anaweza kuitenganisha bendi ya Elstree na watu mia kadhaa. Wapenda ukimya wapewe kitufe chao, wakibonyeze wakiwa kwao sebuleni.